Chai Nyeupe ya Nandi Hills: Gramu 50 Ndani ya Wiki Tano

Ukiagiza chai nyeupe katika hoteli nyingi za hapa Mombasa utaletewa chai ya maziwa, na mhudumu hatakuwa amekosea, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuigawa chai: ipo ya maziwa, na ipo ya mkandaa, ambayo watu wa bara huiita strungi na jirani zetu wa Tanzania huiita chai ya rangi. Chai ninayoizungumzia hapa haimo katika mgawanyo huo. Ni machipukizi ya mchai yaliyochumwa kabla hayajafunguka, yakaachwa yanyauke polepole, kisha yakakaushwa bila kusagwa, bila kukandwa na bila kukaangwa. Weupe wake hautokani na maziwa wala na rangi ya maji yake kikombeni, bali na vinyweleo laini vya rangi ya fedha vinavyolifunika kila chipukizi. Nilinunua pakiti ya gramu 50 iliyotoka Nandi Hills, kwenye milima ya magharibi mwa Kenya, kwa shilingi 1,200, na nimekuwa nikiinywa mara mbili au tatu kwa wiki kwa muda wa wiki tano, mpaka ikabakia konzi moja tu chini ya mkebe.

Shilingi 1,200 kwa gramu 50 ni pesa nyingi, na sitajifanya kwamba hazikuniuma. Majani ya kawaida ya gramu 250 ningeyapata kwa chini ya robo ya bei hiyo. Lakini kulinganisha vitu hivi viwili kwa uzito peke yake ni kama kulinganisha bei ya papa mkavu na ya kamba wabichi. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hupitishwa katika mitambo yenye rola za meno zinazolisaga jani, kulichana na kulikunja mpaka liwe punje ndogo nyeusi, nazo punje hizo ndizo zinazotoa rangi nzito kwa dakika moja na kustahimili maziwa, sukari na tangawizi bila kupotea. Mji wetu unaishi kwa chai hiyo, kwa kuwa mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na hadi leo magunia ya chai kutoka nchi kadhaa za Afrika hupita hapa yakielekea bandarini. Nimekulia karibu na maghala hayo, ninaijua harufu yake hata nikiwa nimefumba macho, lakini nilikuwa sijawahi kuliona chipukizi la mchai likiwa zima mpaka nilipoifungua pakiti hii.

Ni kitu cha kupendeza kukitazama. Kila chipukizi lina urefu wa karibu sentimita tatu, ni nene katikati, limechongoka kwenye ncha na kupinda kidogo kama ukucha wa paka. Rangi si nyeupe kamili. Ni fedha iliyochanganyika na kijani kilichofifia, na ukiyamwaga machipukizi juu ya sahani karibu na dirisha, utaona vinyweleo vikipeperuka katika mwanga wa jua na vingine vikinasa vidoleni kama unga wa ngano. Katika gramu nne nilizozichambua moja moja, nilikuta vikonyo viwili vitupu na jani moja dogo lililojifungia pembeni, jambo linaloonyesha kwamba wachumaji walikuwa makini. Harufu ya majani yakiwa makavu ni ya nyasi zilizokaa ghalani, na nyuma yake kuna asali kidogo, isiyojitokeza mpaka uyaweke katika kikombe kilichopashwa moto na kufunikwa kwa nusu dakika.

Tatizo lilianzia kwenye maelezo ya pakiti. Yanasema utie kijiko kimoja cha chai, maji ya nyuzijoto 75, usubiri dakika mbili. Niliyafuata neno kwa neno, nikamimina vikombe viwili, kimoja nikampa shangazi yangu aliyekuwa amekuja kututembelea. Alionja, akakitazama kikombe, akaonja tena, kisha akasema kwa upole wote, "Mwanangu, haya ni maji yaliyooshewa majani." Sikuwa na la kumjibu, kwa maana hata mimi sikusikia ladha yoyote isipokuwa joto.

Siku ya pili nilichukua mizani ndogo ya jikoni, ile tunayopimia hamira na viungo. Kijiko cha chai kilichojaa machipukizi haya kilikuwa na gramu 0.9. Kijiko hicho hicho kikijaa majani ya kawaida kilikuwa na gramu 2.8. Hapo ndipo mambo yaliponinyokea. Machipukizi ni mepesi na hayashikamani, kati ya moja na jingine kuna nafasi kubwa iliyojaa hewa, kwa hiyo kijiko kinachoonekana kimefurika kwa kweli kimebeba theluthi tu ya chai uliyodhani umeitia. Wengi wanaoilalamikia chai nyeupe kwamba haina ladha wanailalamikia theluthi hiyo. Tangu siku ile natumia gramu nne kwa maji ya mililita 150, kiasi ambacho kwa macho huonekana ni israfu, kwani hujaza karibu nusu ya kikombe kabla maji hayajaingia, na sijaambiwa tena kwamba nimeosha majani.

Suala la joto la maji limetiwa chumvi kupita kiasi. Kwa kuwa chai hii inasifiwa kwa ulaini wake, watu huiogopea maji ya moto kana kwamba ni kitoto kichanga. Nimeijaribu kwa nyuzijoto 75, 85 na 95. Kwa 75 ilitoa utamu mwembamba usio na mwili, yaani uzito mdomoni, na hata baada ya dakika tano ilikuwa bado imelala. Kwa 95 ilitoa kila kitu ilichonacho pamoja na ukakasi kidogo kwenye ncha ya ulimi, ambao mimi binafsi siuchukii. Kwa 85 hadi 90 nilipata kile nilichokitaka. Sababu si ngumu kuielewa: jani lililosagwa limekwisha pasuliwa, maji yanaingia na kutoka mara moja, ilhali chipukizi hili bado lina ngozi yake nzima, limevaa koti la vinyweleo, na maji hayana budi kulibembeleza. Katika wilaya ya Fuding nchini China, ambako chai nyeupe ina wenyewe, wanywaji wengi hutumia maji yaliyokaribia kuchemka bila wasiwasi wowote, na zile zilizohifadhiwa kwa miaka mingi hata huzichemsha jikoni kama sisi tunavyochemsha zetu.

Jambo moja ambalo maelezo ya pakiti hayalitaji ni kwamba maji yanayochemka hayana joto sawa kila mahali. Hapa pwani maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700 na zaidi, huchemka kwa karibu 94, na Nandi Hills, ambako ni juu zaidi, huchemka chini ya hapo. Kwa hiyo mkazi wa Nandi Hills anaweza kuliondoa birika jikoni na kumimina papo hapo, akapata kikombe kizuri, kisha akamweleza ndugu yake wa Mombasa afanye vivyo hivyo, na wa Mombasa akapata kitu kingine. Mimi sina kipimajoto cha kutumia kila siku. Nachemsha maji, nayamimina katika jagi la kauri lililo baridi, nangoja kama dakika mbili, halafu ndipo namimina juu ya majani. Inatosha.

Kuhusu maji yenyewe nina mengi ya kusema, kwa sababu ndiyo yaliyonishinda kwa muda mrefu zaidi, na naamini ndiyo yatakayomshinda mtu yeyote wa pwani atakayeinunua chai hii. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vyake vingi vina chumvi na chokaa. Kila mpishi wa Mombasa anajua kwamba mbaazi zilizochemshwa kwa maji ya kisima hukawia kuiva, zikabakia na ngozi ngumu hata umalize kuni. Maji hayo hayo yakikutana na chai ya maziwa yenye iliki na sukari vijiko vitatu, hakuna atakayeng'amua. Yakikutana na chai nyeupe, hakuna pa kujificha. Kikombe nilichotengeneza kwa maji ya kisima kilikuwa na rangi ya kijivu, kikajifanyia utando mwembamba juu uliopasuka kama barafu nilipoutikisa, na ladha yake ilikuwa ya chaki iliyolowana. Maji ya bomba yalikuwa na nafuu kubwa, ila utamu ulikatika ghafla katikati ya ulimi, kama mtu aliyeacha sentensi bila kuimaliza. Maji ya chupa yenye madini machache, na hili lasomeka kwenye lebo ya chupa, yalinipa kwa mara ya kwanza ile asali niliyoinusa kwenye majani makavu.

Lakini kikombe bora kuliko vyote kilitoka kwenye maji ya mvua. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha, bati likawa limekwisha jioshea, nikakinga ndoo mbili asubuhi, nikayachuja kwa kitambaa safi na kuyachemsha vizuri. Sikutarajia tofauti kubwa kiasi kile. Mama zetu walikuwa wakiyasifia maji ya mvua kwa kufulia na kuoshea nywele, kwamba povu lake ni jingi, na sababu ni ile ile: hayana chokaa. Kama una tangi la mvua nyumbani, umekwisha pata nusu ya kile unacholipia kwenye pakiti hii.

Niseme pia neno kuhusu chujio. Jikoni kwetu, na nadhani kwa wengi, chujio la chai ni la plastiki na limekunywa iliki, tangawizi na mdalasini kwa miaka. Hata likioshwa kwa sabuni na ndimu, halisahau. Nilipolitumia mara ya kwanza nikadhani chai ya Nandi Hills ina harufu ya asili ya iliki, nikafurahi bure. Chupa ya chai nayo ina kasoro hiyo hiyo, tena zaidi, kwa sababu kifuniko chake hushika harufu kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Chai hii haihitaji chujio. Machipukizi ni makubwa kiasi kwamba ukifunika kikombe kwa sahani ndogo na kuacha upenyo mwembamba unapomimina, hakuna litakalopita. Wachina wana chombo chao maalumu cha kazi hiyo, kikombe chenye kifuniko na kisahani kiitwacho gaiwani, na ni kizuri, lakini mimi nilitumia kikombe cha kawaida na kisahani cha fingani, sikupungukiwa na kitu.

Mara moja moja naitengeneza katika bilauri ya kioo kwa ajili ya macho tu. Machipukizi hubakia juu kwa dakika nzima, kisha moja baada ya jingine hulemewa na maji, huzama upande wa kikonyo kwanza na kusimama wima, ncha juu, yakiyumba taratibu kama mashua zilizotia nanga. Rangi ya maji hugeuka kutoka kwenye uwazi hadi njano ya mabua ya mpunga. Ukitazama dhidi ya mwanga utaona vumbi la fedha likielea. Hivyo ni vinyweleo, si uchafu, wala visichujwe, kwani ndivyo vinavyoifanya chai iteleze mdomoni.

Majani yale yale nayamiminia maji mara nne. Maji ya kwanza nayaacha dakika tatu. Hutoa utamu mpole, harufu ya nyasi kavu na kitu kama tikiti la manjano lililokatwa punde. Maji ya pili, dakika mbili tu kwa kuwa majani yamekwisha lowana, ndiyo makubwa. Tumezoea kwenye nazi kwamba tui la kwanza ndilo zito na la pili ni la kuongezea mchuzi. Hapa mambo ni kinyume, tui zito liko katika mkamuo wa pili. Asali hujitokeza wazi, mwili wa chai huwa mnene, na baada ya kumeza hubakia kooni utamu ambao kwangu ulidumu muda wa kutosha kuosha kikombe na kukirudisha kabatini. Maji ya tatu, dakika nne, bado ni mazuri na huwa na ladha ya zabibu kavu. Ya nne yanataka dakika nane na subira, nami mara nyingi huyanywa nikiwa nimekwisha rudi kazini, bila kuyafikiria sana. Kwa hesabu hiyo gramu nne, yaani shilingi 96, hunipa vikombe vinne, na kila kikombe kinanigharimu shilingi 24. Bei haionekani tena ya kutisha.

Ili kuwa na kipimo cha kulinganishia, nilinunua pia pakiti ya Bai Mudan ya Fuding, katika mkoa wa Fujian. Huko hutambua daraja kadhaa. Bai Hao Yinzhen, yaani sindano za fedha, ni machipukizi matupu yanayochumwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua, nayo ndiyo ghali; Bai Mudan ni chipukizi pamoja na jani moja au mawili; Shou Mei ina majani makubwa zaidi na machipukizi machache. Kwa daraja, chai ya Nandi Hills ingelinganishwa na Yinzhen, lakini bei ya Yinzhen halisi ilinishinda. Bai Mudan niliyoipata ilikuwa nafuu zaidi, yenye rangi mchanganyiko za fedha, kijani na kahawia, na ladha yake ilikuwa ya tango lililomenywa, maua, na uchangamfu ambao chai ya Nandi Hills haina. Yetu ni nzito zaidi, yenye asali zaidi na maua machache zaidi. Sababu moja ni kwamba mchai wetu wa milimani kwa sehemu kubwa ni wa jamii ya Assam, yenye jani pana na chipukizi nene, na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta huchumwa mwaka mzima, haungoji baridi iishe kama wa Fujian. Sioni sababu ya kumwambia mtu kwamba moja ni bora kuliko nyingine. Asubuhi naipendelea Bai Mudan. Baada ya alasiri, jua likiwa limepoa, naipendelea ya Nandi Hills.

Kuna malalamiko mawili ambayo siwezi kuyaruka. La kwanza ni maandishi ya nyuma ya pakiti, yanayodai kwamba chai hii karibu haina kafeini, na kwamba inapunguza unene. Dai la kafeini ni kosa. Chipukizi ndiyo sehemu changa ya mchai, na sehemu changa ndizo zenye kafeini nyingi. Kinachoweza kusemwa ni kwamba kwa maji ya vuguvugu na muda mfupi hutoka kidogo. Niliinywa gramu nne saa tatu usiku nikiliamini andiko hilo, nikausikia mwadhini wa alfajiri nikiwa bado nimekodoa macho. Kuhusu unene sina la kusema, isipokuwa kwamba ukiinywa na mahamri sita, kama nilivyofanya Jumapili moja, haitakusaidia.

La pili ni uhifadhi. Kabla ya pakiti hii nilikuwa nimenunua gramu 25 katika duka jingine, ambalo sitalitaja, lililoiweka chai katika mtungi wa kioo kwenye dirisha linalopigwa na jua, kando ya karafuu na mdalasini. Ilikuwa imekwisha kufa. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na chai ni kama chumvi kwa jinsi inavyouvuta. Chukua chipukizi moja ulipinde: likivunjika kwa mlio mdogo, ni kavu, likijikunja kama uzi, limekwisha kunywa hewa ya duka. Pakiti hii ilikuja katika mfuko wa karatasi ya fedha uliozibwa vizuri, lakini ukishafunguliwa haufungiki tena, na kwa bei hii walipaswa kutia mfuko wenye zipu. Niliihamishia kwenye mkebe mkavu wa bati unaobana, nikauweka kabatini mbali na viungo. Unaponunua, omba uinuse, na uulize ilichumwa mwezi gani. Muuzaji wangu aliweza kunijibu bila kusoma popote, na hilo lilichangia kunifanya nilipe.

Nitainunua tena, ila kwa gramu 25, kwa sababu kufikia wiki ya nne harufu ya majani makavu ilikuwa imeanza kufifia hata ndani ya mkebe. Konzi iliyobakia, karibu gramu tano, nimeitia jana usiku katika nusu lita ya maji ya mvua yaliyochemshwa na kupoa, nikaiacha kwenye friji mpaka asubuhi. Njia hii haina ukakasi hata kidogo, nayo ni tamu kwa namna ambayo joto halikuwahi kuitoa, na katika siku hizi ambapo mtu hutoka jasho akiwa ameketi tu, nadhani ndiyo itakayotumika zaidi nyumbani kwangu. Shangazi alimaliza bilauri mbili. Ya pili aliikamulia ndimu.